Kama Siafu Tu

Mwaka 2010 nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, nabebwa. Kwa asiyejua, kubebwa ni kulala kwenye kitanda cha mwenzako aliyepata chumba hosteli, mzungu wa nne, kwa kuwa wewe jina lako halikutoka. Aliyenibeba alikuwa kijana wa Tanga, mpole, mwenye kompyuta mpakato ambayo betri yake ilishakufa siku nyingi: waya ukitikisika tu, giza. Usiku, vitabu vikishatuchosha, tuliangalia katuni za Kijapani alizokuwa akikopi kwa watu wa uhandisi kwenye flashi ya GB 8. Usiku mmoja akafungua inayoitwa Bokurano. "Hii ya maroboti," akasema. "Ya kutafutia usingizi."

Usingizi tuliupata kesho yake mchana, darasani.

Kama hujaiona na unapanga kuiona, shuka kituo hiki, maana nitamwaga karibu kila kitu isipokuwa mwisho. Watoto 15, wavulana 8 na wasichana 7, wako kwenye kambi ya likizo kando ya bahari. Karibu wote wako mwaka wa kwanza wa shule ya kati, miaka 12 au 13. Mmoja tu ni mdogo zaidi, Kana, aliyeletwa na kaka yake Ushiro. Wanaingia pangoni. Ndani wanamkuta mwanamume mwenye miwani amezungukwa na makompyuta, anajiita Kokopelli, anasema ametengeneza mchezo: roboti moja kubwa, maadui 15, kazi ni kuilinda dunia. Mnataka kucheza? Wekeni kiganja hapa, tajeni jina. Nani angekataa? Mimi kwa miaka ile ningeweka viganja vyote viwili.

Roboti lipo kweli. Lina urefu wa mita 500, jeusi, na watoto wanalibatiza Zearth. Kokopelli anawaonyesha pambano la kwanza, kisha hayupo. Anayebaki nao ni kidude kinachoelea hewani, kichwa kikubwa, kiwiliwili kama cha mwanasesere, mdomo mchafu: Koyemshi. Huyo ndiye mwenyeji wao. Ndiye anayejua kanuni, ndiye anayewachukua popote walipo na kuwatokeza ndani ya roboti kufumba na kufumbua, ndiye anayewakejeli zamu ikimfikia mmoja wao.

Wa kwanza ni Waku, mpenda soka. Anashinda. Wanasimama juu ya roboti katikati ya bahari, wanashangilia, Ushiro anamgusa bega, Waku anaporomoka majini. Kila mtu anamtazama Ushiro. Hata sisi kitandani tulimtazama Ushiro. Kisha zamu ya pili, Kodama, mtoto wa tajiri wa majengo, mkali, anayeamini kuna watu wa kutumika na watu wa kutumia. Naye anashinda. Naye anaanguka, mbele ya wote, bila kuguswa na mtu. Hapo ndipo Koyemshi anapoeleza, kwa sauti ileile aliyokuwa akiwatania nayo tangu asubuhi, kwamba roboti halitumii umeme wala mafuta. Linaendeshwa kwa uhai wa rubani. Pambano moja, rubani mmoja. Ukishinda unakufa. Ukishindwa, au saa 48 zikiisha bila mshindi, dunia yote inafutika pamoja na wewe.

Mwenzangu akasimamisha picha. Akakaa kimya, akiwa ameshika waya usitikisike.

"Alikuwa anajua," akasema. "Muda wote huu alikuwa anajua, na alikuwa anatania."

Nimeiangalia Bokurano mara tatu tangu usiku ule, na nimegundua kuwa kila mara ninamwangalia huyo Koyemshi. Watoto nawakumbuka, wala usinielewe vibaya. Namkumbuka Daichi, ambaye baba yake alitoweka akamwachia wadogo zake awalee. Namkumbuka Nakama na cherehani yake, anawashonea wenzake sare kana kwamba ni timu. Namkumbuka Komo na piano. Ndani ya roboti kila mtoto ana kiti chake, kiti halisi kutoka kwenye maisha yake, na viti vyote vinaelea kwa duara. Mwenye zamu akishakufa, kiti kinabaki. Sijui kama kuna njia nzuri zaidi ya kuonyesha msiba wa nyumbani kuliko kiti ambacho hakuna anayekikalia. Lakini jicho langu huwa linatoka kwenye viti na kumtafuta yule anayeelea juu yake, anayechekelea.

Aliyeitunga ni Mohiro Kitoh. Manga yake, yaani hadithi ya michoro ya kusomwa, ilianza mwishoni mwa 2003 katika jarida la Ikki na kuisha 2009, juzuu 11. Kitoh alishatufanyia hivi kabla: katika Narutaru, kazi yake ya nyuma, kuna kiumbe cha kupendeza chenye umbo la nyota, cha kumnunulia mtoto sikukuu, na nyuma yake mna mambo ambayo mtoto haonyeshwi. Ni mtu anayechora watoto wembamba, miguu kama mabua, halafu anawabebesha mzigo ambao mtu mzima angeukimbia. Anime ya Bokurano, yaani katuni tuliyoiangalia, ilitengenezwa na studio ya Gonzo, sehemu 24, ikarushwa kuanzia Aprili hadi Septemba 2007 huku manga haijafika mwisho. Mwongozaji wake, Hiroyuki Morita, alisema waziwazi ingali hewani kwamba haipendi manga aliyopewa. Mashabiki walimchukia kwa hilo. Mimi nilimheshimu kidogo: ni nadra fundi kukuambia kwamba nguo uliyompa aishone haimpendezi. Aliibadili, akailainisha baadhi ya mahali, na mwisho wake si ule wa manga. Miisho yote miwili nakuachia.

Sasa hilo jina. Masikioni mwa watoto wa Kijapani "koemushi" linasikika kama mdudu wa samadi, dundu wa mavi, na watoto wanalichukua hivyohivyo. Lakini Kitoh hakuliokota jalalani. Kokopelli ni yule mpiga filimbi mwenye kibyongo anayeonekana amechorwa kwenye miamba ya kusini-magharibi ya Marekani, kwenye nchi za watu wa asili wa huko. Na Koyemshi ni jina la wachekeshaji watakatifu wa Wazuni wa New Mexico. Wahopi wa Arizona nao wanao. Wanavaa vinyago vya rangi ya udongo vyenye manundu, kwa hiyo wageni waliwaita vichwa vya tope. Kwa Wazuni wako kumi. Wanaingia uwanjani wakati wa ngoma nzito za ibada na kufanya upuuzi: wanakejeli, wanaiga watu, wanasema yasiyosemeka. Watu wanacheka. Na watu hao hao wanawaogopa.

Niliposoma hayo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu sikuhitaji maelezo zaidi. Mimi nimelelewa na watani.

Babu yangu mzaa baba alifariki 2004, Kisarawe. Sisi ni Wazaramo, na watani wetu wakubwa ni Wanyamwezi. Siku ya pili ya msiba, nyumba imejaa, wanawake wamekaa kwenye mikeka wamechoka kulia, mara anatokea mzee mmoja wa Kinyamwezi kutoka nyuma ya nyumba. Amevaa koti la babu, lile la kijivu lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Amevaa kofia ya babu. Ameshika bakora ya babu. Anatembea kama babu, goti la kulia likibaki nyuma kidogo, na kila hatua tatu anakohoa kikohozi cha babu, kile kikavu cha mara mbili. Akamfuata baba yangu mkubwa, akanyoosha kiganja: "Chenji yangu iko wapi? Nilikutuma sukari tangu Jumanne." Kisha akaihesabu chenji ambayo haipo, akairudia kuihesabu, kama babu alivyokuwa akirudia kila alipotumwa mtu dukani.

Bibi alicheka. Alikuwa hajatoa sauti tangu jana yake, na alicheka hadi khanga ikamdondoka kichwani, kisha kicheko kikageuka, na wanawake wakamshika. Wakati wa kutoka na jeneza mzee yule alilala njiani kifudifudi, akisema hamzikwi mtu hapa mpaka nilipwe, huyu marehemu alikuwa na deni langu. Akachangiwa. Akahesabu mara mbili.

Mtu wa nje angeshangaa: mnamruhusuje mtu aichezee maiti? Lakini alfajiri ya siku ile mzee yule ndiye aliyeanza kulichimba kaburi. Malengelenge mikononi mwake niliyaona mwenyewe alipokuwa akila. Usiku, walipoondoka wenye kuondoka, alikuwa uani anasugua masufuria kwa majivu pamoja na akina mama, bado na koti la babu mgongoni. Na alipokufa yeye, miaka mitano baadaye, baba yangu mdogo alipanda basi, akaenda kuvaa suruali yake na kuwadai watoto wake deni. Ndiyo hesabu ya utani. Leo unaucheka msiba wangu, kesho nitaucheka wako, na kati ya leo na kesho kuna jembe.

Kwa hiyo kosa la Koyemshi, nilivyoliona usiku ule wa 2010, halikuwa kucheka. Kosa lilikuwa kucheka bila jembe. Yeye hafi. Hana zamu. Anaelea juu ya viti 15 na hakuna hata kimoja ambacho ni chake. Mtani asiye na msiba wa kuchekwa ni nini? Kwetu tungemfukuza.

Nilikaa na hukumu hiyo kwa muda mrefu, na mwaka uliofuata ikapata nguvu, maana alitokea mwingine wa kumlinganisha naye. Mwanzoni mwa 2011 ilirushwa Puella Magi Madoka Magica, ikaja na Kyubey, kiumbe cheupe, laini, sauti ya malaika, anayewapa wasichana ofa: nitakutimizia ombi lolote, wewe nitie saini uwe mpiganaji wa miujiza. Asichosema ni kwamba roho yao inatolewa mwilini na kutiwa kwenye kito, na kwamba kukata tamaa kwao ndiyo mavuno yenyewe. Wakimbana, anajibu kwamba hawakuuliza. Mtandaoni Kyubey ndiye aliyetukanwa zaidi, na mpaka leo ukiorodhesha wenyeji waovu wa anime atatajwa wa kwanza.

Mimi simwogopi. Kyubey na jamii yake hawana hisia. Kuwakasirikia ni kama kuikasirikia mvua iliyoangusha nyumba ya mtu. Anakuangalia kama karani wa dirishani anavyokuangalia ukikosa fomu namba fulani. Hakuna anachokificha moyoni kwa sababu moyo wenyewe hana. Koyemshi ni tofauti. Koyemshi anakasirika. Anachoka. Anawaona wengine wajinga na wengine wanamshangaza. Anachojua anakitoa kwa vipande, na kila kipande kinakuja kimechelewa: kwanza kifo cha rubani, halafu, baadaye sana, kwamba maadui si wanyama wala mashine za kutoka angani. Ni dunia nyingine, sambamba na hii, zenye bahari na shule na watoto wao waliokaa kwenye viti vyao. Kila ukishinda, ulimwengu mzima unazimwa kama taa. Na yeye alilijua hilo wakati Waku anashangilia.

Nilimhukumu mapema, hata hivyo. Kipande cha mwisho kilikuwa bado.

Koyemshi alikuwa mtu. Kile kiwiliwili cha mwanasesere si mwili wake wa asili. Anatoka katika dunia nyingine ambayo mchezo huu ulishapita, ikacheza, ikashinda, ikabaki. Na Machi, msichana aliyekuwa kati ya watoto 15 tangu siku ya pango, aliyekaa kwenye duara la viti na kuwalilia wenzake, ni mdogo wake wa damu.

Ukishalijua hilo huwezi kuiangalia tena kama mwanzo. Mara ya pili nilijikuta kila Koyemshi akifungua mdomo mimi namtazama Machi. Kaka na dada, chumba kimoja, kila siku, wanajifanya hawajuani, mmoja anawakejeli watakaokufa na mwingine anasikiliza kama mmoja wao. Na kando yao wako Ushiro na Kana, kaka mwingine na dada mwingine: yeye anampiga mdogo wake karibu kila anapomwona, na mdogo hamwachi. Kitoh ameweka jozi mbili zikabiliane kama vioo vya kinyozi. Tena Wazuni wanasimulia kwamba Koyemshi wao, wale kumi wenye vichwa vya tope, asili yao ni kaka na dada waliopotoka njiani, enzi watu walipokuwa wakisafiri kuutafuta katikati ya dunia. Sijasikia Kitoh akisema kwamba alilijua hilo. Lakini mtu aliyeokota majina mawili kutoka nchi ileile, moja la mpiga filimbi na moja la mchekeshaji, kisha akampa mchekeshaji dada wa siri, mimi simwiti mtu wa kubahatisha.

Jembe lilikuwepo, basi. Alishazika kwao. Na hapo ndipo aliponitisha kweli, maana sasa nilijua nimemwona wapi.

Desemba 1996 nilikuwa na miaka tisa, na likizo ile tuliambiwa wavulana saba wa ukoo tutaingia jandoni. Hatukuambiwa mengi zaidi. Wakubwa walizungumza kwa mafumbo, na tulipokaribia walibadilisha mazungumzo. Tuliyemtegemea alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliyenizidi mwaka mmoja na aliyekuwa ameingia mwaka uliotangulia. Yeye alipewa kazi ya kubeba chakula kutoka nyumbani hadi kumbini. Alikuwa mtu mkubwa ghafla. Alitembea mikono nyuma. Alituita "nyie watoto" wakati kaptula zetu zilikuwa za kitambaa kimoja.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilimfuata nyuma ya banda la kuku.

"Kaka, inauma?"

Akacheka. Si kicheko kikubwa. Kile cha puani.

"Kama siafu tu," akasema. "Anang'ata mara moja, basi."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu, mdogo wangu."

Nililala kwa amani. Siafu niliwajua. Siafu ni kitu cha kuruka na kujikung'uta miguu.

Alfajiri ngoma zilipigwa kwa nguvu sana, karibu kabisa na mlango wa kumbi, na wakubwa waliimba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia wakiimba harusini wala arobaini. Nilidhani ni kwa furaha. Nilielewa kazi ya ngoma zile ilipofika zamu yangu, nilipofungua mdomo na sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Sitaeleza zaidi, walioingia wanajua, na wasioingia waendelee na siafu wao. Ninachotaka kusema ni kuhusu binamu yangu. Alikuwa mlangoni ameshika sufuria la uji. Nilimtazama nilipotolewa, nilitaka anione, nilitaka aone kwamba najua alichonifanyia. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mfuniko wa sufuria, na midomo yake ilikuwa imekaa vilevile kama ilivyokaa jana yake nyuma ya banda la kuku, kicheko kile kile, kimeganda.

Kumbini tulikula bila chumvi. Ndiyo desturi. Ugali mkavu, mboga isiyo na ladha, siku baada ya siku, na kwa mtoto hiyo nayo ni adhabu ya kutosha. Usiku wa tatu binamu yangu alipoleta chakula alijifanya anarekebisha mkeka wangu, akanisukumia kitu chini ya goti. Kikaratasi cha daftari kimekunjwa kama dawa. Ndani chumvi. Kidogo sana, ya kulamba mara mbili. Hakusema neno. Alipofika mlangoni akageuka, akawaambia wote kwa sauti kubwa: "Nyie watoto, nani alilia?" Na akacheka.

Nilipoiangalia Bokurano kwa mara ya tatu, mwaka juzi, nilikuwa naitafuta hiyo chumvi. Nilitaka kujua kama Koyemshi anayo. Nadhani anayo, japo ni ya kulamba mara mbili: watoto wanamwomba awapeleke huku na kule kati ya pambano na pambano, nyumbani, kwa mtu fulani, mahali fulani wanapotaka kupaona kwanza, naye ananung'unika, anatukana, na anawapeleka. Hakuna kanuni ya mchezo inayomtaka awe dereva wao. Anawapeleka tu, kisha anarudi kuelea na kukejeli. Mtu akiniambia nimemtungia huruma ambayo hana, sitabishana naye. Huenda nimeitunga. Lakini mimi nililambishwa chumvi na mtu aliyenidanganya, kwa hiyo najua vitu hivyo viwili vinakaa mfuko mmoja.

Kuna jambo la jina la anime yenyewe lililotuweka macho, mimi na yule wa Tanga, usiku tulioimaliza. Bokurano maana yake ni "yetu". Kijapani kinakubali umiliki ukae peke yake bila kusema kinachomilikiwa. Kimeachwa wazi makusudi, msomaji akijaze. Kiswahili hakikubali. Huwezi kusema "-etu" ikaning'inia hewani. Lazima uchague ngeli, na ukishachagua ngeli umeshasema ni nini. Dunia yetu. Kiti chetu. Kifo chetu. Kosa letu. Watoto wetu. Tukabishana mpaka saa tisa ya usiku tungeitafsirije. Yeye alishikilia "Chetu", kwa maana ya kifo na kiti kwa pamoja, na lazima nikiri ilikuwa nzuri. Mimi nilitaka "Wetu". Akaniuliza wetu nani, watoto? Nikasema watoto. Hapo nilikuwa bado sijakubali kwamba yule anayeelea naye yumo ndani ya neno hilo. Akachomoa waya, tukalala, miguu yake usoni kwangu.

Binamu yangu sasa ni baba wa watoto wanne na ana bucha. Tunapoonana hatuzungumzii kumbi. Wanawe wa kiume wote walitahiriwa hospitali, kwa ganzi, wakiwa wadogo mno hata wasiweze kuuliza swali. Mara moja tu, kwenye harusi, nilimtania mbele za watu: kaka, siafu hawajambo? Alielewa mara moja. Alicheka kile kicheko cha puani, akaendelea kukata nyama, kisha akasema bila kuniangalia: "Na wewe si ulimwambia mdogo wako?"

Nilikuwa nimesahau kwamba anajua.

Ilikuwa Desemba 1997. Zamu ya kubeba chakula ilikuwa yangu. Nilitembea mikono nyuma, sufuria kichwani wakati wa kwenda tu, na niliwaita wadogo zangu "nyie watoto". Jioni ya kuamkia siku yenyewe mdogo wangu wa kunifuata alinikuta kisimani, akasimama mbali kidogo kama mtu anayetaka kuomba hela. Alikuwa na miaka minane. Aliuliza kwa sauti ya chini kama inauma.

Nilikuwa na mwaka mzima wa kufikiria jibu. Nilikuwa nimejiapia, usiku ule wa kwanza kumbini, kwamba mtu akija kuniuliza mimi nitamwambia. Nikamtazama, miguu myembamba, kaptula yangu ya zamani imefungwa kwa kamba kiunoni.

Nikacheka. Nikamwambia ni kama siafu tu.

Na mfukoni, tangu mchana, nilikuwa na kikaratasi cha chumvi.